Upepo ukikata katikati ya bahari: siku 15 Kilifi hadi Mahé wakati wa maleleji

#1 Mleta uzi

Asalaam aleikum wakuu, na shikamooni wazee mliomo humu.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliuliza kwenye uzi wa kazi za yoti, dhoruba baharini mnaivukaje. Nilimjibu kwa ufupi, lakini swali limenikaa kichwani. Miaka 11 nimekuwa nikipeleka vyombo vya watu kutoka pwani hii, na dhoruba ya kunitia hofu kweli nimeipata mara mbili. Shwari nimekutana nayo karibu kila mwaka, na hakuna anayeiulizia. Vijana wanakwenda baharini wakidhani upepo ukikosekana ni kulala, kuvua na kusubiri. Nataka tulizungumze hili kwa kirefu, maana shwari ina kazi nyingi kuliko upepo, na anayeichukulia kama mapumziko anafika na tanga limechanika, dizeli imekwisha na watu hawasemezani.

Nitawapa safari moja niliyoiandika siku kwa siku kwenye daftari langu. Kilifi hadi Mahé, Ushelisheli. Ni maili 940 hivi za baharini, karibu mashariki moja kwa moja. Yoti ya futi 40, mlingoti mmoja. Tulikuwa watatu: mwenye chombo, kijana wa Mtwapa aliyekuwa kwenye safari yake ndefu ya kwanza, na mimi. Tuling'oa nanga wiki ya kwanza ya Novemba. Mwenye chombo alihesabu siku 9. Nilimwambia Novemba ni maleleji, kipindi cha upepo kubadilika na kukatika, akanijibu kwamba ramani za upepo kwenye simu zinaonyesha noti 8, yaani maili 8 za baharini kwa saa, njia nzima. Nikanyamaza. Nilikosea kunyamaza.

Siku nne za kwanza kusi, ule upepo wa kusini, la mwisho mwisho lilikuwa bado na pumzi. Noti 9, noti 10, upepo ukituingia ubavuni, tukawa tunakula maili 110 kwa siku. Mkondo wa pwani ulikuwa ukitusukuma kaskazini, kwa hiyo tangu mwanzo tulielekeza omo, yaani mbele ya chombo, kusini kidogo ya Mahé ili tusijikute mbele ya Lamu. Siku ya tano alfajiri upepo ukakata.

Msichanganye kukosekana upepo na kukosekana mawimbi. Bahari kuu haitulii kama ziwa. Upepo wa eneo lenu umekufa, lakini yale mawimbi marefu yaliyozaliwa kusini ya mbali yanaendelea kuja, laini, hayana povu, moja kila baada ya sekunde kumi na kitu. Chombo kinachovuta kinayapanda bila taabu. Chombo kisichovuta kinalala kushoto, kinalala kulia, na kila kikilala tanga linajaa hewa ya uongo kisha linaitema. Pah! Mlingoti mzima unatikisika. Zidisha hiyo: kila sekunde kumi, kwa saa 24, kwa siku saba.

Usiku wa pili wa shwari nilikuwa zamuni saa nane usiku. Nikasikia mlio umebadilika. Badala ya ule mpigo mzito kukawa na kitu kinakwaruza, krr, krr, juu kabisa. Nikapanda na tochi ya kichwani hadi kileleni, nimejifunga, mlingoti ukinizungusha hewani kama pendulo ya saa. Henza ya tanga kuu, ile kamba ya kulipandishia, ilikuwa imelika pale inapopita juu ya roda, gurudumu la kamba. Ganda la nje lilikuwa limekwisha, nyuzi za ndani nyeupe zimetokeza kama manyoya ya pamba, mahali palipo pana kama kidole gumba. Siku mbili tu zilitosha, na kamba ilikuwa haijamaliza mwaka. Tulitua tanga usiku ule ule, nikakata nusu mita ya mwisho wa henza, nikafunga upya. Asubuhi tukakuta pia mshono umefumuka kwenye ukingo wa nyuma wa tanga, mahali ubao mwembamba wa kulikakamaza unapoingia, urefu wa shibiri mbili. Kijana wa Mtwapa akaushona kwa sindano nene, uzi wa nta na kipande cha ngozi kiganjani. Alishona vizuri kuliko mimi. Mama yake ni fundi cherehani.

Kanuni yangu tangu siku ile ni kwamba tanga lisilovuta ni tanga linaloliwa. Upepo ukiwa chini ya noti tatu na mawimbi yapo, tanga kuu linatuliwa. Msione haya kuelea bila tanga.

Nitaendelea. Nakaribisha maswali.

#2 Mwanagenzi

Shikamoo mkuu. Ninalo swali la mtu asiyejua. Yoti ina injini. Si mngewasha tu?

#3 Mleta uzi

Marahaba. Swali zuri, na ndilo kosa tulilolifanya.

Tulikuwa na lita 180 kwenye tangi na madumu sita ya lita 20, jumla lita 300. Injini ile ukiipeleka kwa mwendo wake wa kawaida inakula lita 3.5 kwa saa na chombo kinakwenda noti 5.5. Piga hesabu: saa 85, maili 470 hivi. Ukiibana ikawa inanong'ona, inakula lita 1.6 kwa saa na unakwenda noti 4. Lita zile zile 300 zinakupa saa 187, maili 750. Tofauti ya noti moja na nusu inakugharimu karibu maili 280 za bahari. Chombo kinavyozidi kusukuma maji ndivyo maji yanavyozidi kukidai, na deni hilo linapanda haraka kuliko mwendo.

Mwenye chombo alipoona upepo umekata aliwasha kwa mwendo wa kawaida, saa 30 mfululizo, kwa kuamini tutatokea upande wa pili wa shwari. Tulipata maili 165 na tukachoma lita 105. Hakukuwa na upande wa pili. Pale nilipoomba tuzime tulibakiwa na lita 195, na kati ya hizo lita 60 si za kuguswa: za kuingilia bandarini, za kuchaji betri siku za mawingu, na za kukwepa meli. Zilizobaki zilikuwa chini ya nusu ya tulizoanza nazo, na mbele kulikuwa na maili 340.

Kwa hiyo injini ni mkopo. Usiutumie siku ya kwanza ya shwari kwa hasira. Utumie ukiwa unajua unakwenda kukutana na nini: kuna wingu lenye upepo umbali wa maili 15, au kuna mkondo mzuri nyuzi moja kaskazini, au umebakiza usiku mmoja ufike. Na ukiutumia, bana.

#4 Kisiwani_Pate

Waalaikumu ssalaam bwana. Mimi ni mtu mzima, nimesafiri na majahazi ya mzigo Lamu, Mombasa, Unguja, na mara mbili Kismayu, wakati injini zilikuwa chache.

Unalotueleza wazee walilipa jina. Ule muda wa kaskazi, upepo wa kaskazini, na kusi kupokezana waliuita tanga mbili, maana upepo unakuja pande zote na chombo kinaweza kwenda huku au kule. Hakuna nahodha mwenye akili aliyekwenda safari ya mbali wakati huo. Arabuni walikwenda na kusi, wakarudi na kaskazi, na maleleji ilikuwa ya kupandisha chombo pwani, kukichoma moto wa makuti kuua wadudu, kukipaka deheni na sifa. Mtu hapotezi mwezi baharini wakati chombo kinahitaji mwezi mchangani.

Waliolazimika kusafiri hawakwenda kati. Walishika pwani. Usiku unapata umande, ule upepo mwanana unaotoka bara, mchana upepo unageuka unatoka baharini, unabisha kidogo kidogo, jioni unatia nanga nyuma ya kisiwa unasubiri. Lakini umande huo haufiki mbali. Maili chache tu nje umekwisha.

Jambo jingine. Tanga zetu zilikuwa za merikani, pamba. Upepo ukiwa mwembamba tulipandisha ndoo tukalirushia tanga maji ya chumvi hadi juu. Pamba ikilowa nyuzi zinavimba, matundu yanaziba, tanga linashika upepo ambao kavu lingeuacha upite. Mara ya kwanza kuliona jambo hili nilikuwa mtoto wa kumwaga maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo, na nilimwona nahodha akisimama tezini, nyuma ya chombo, ananyoosha shingo kusikiliza. Chombo kikaanza kuimba maji ubavuni. Sauti hiyo sijaisahau.

#5 Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo na ahsante sana. Habari ya kulowesha tanga nilikuwa nimeisikia kwa marehemu babu, sikuwa nimempata aliyeifanya kwa mikono yake. Kwa matanga ya sasa ya nailoni na poliesta haisaidii, bali inadhuru: kitambaa hakinywi maji, kinabeba uzito tu, na shwari haitaki tanga zito. Sisi asubuhi tulikuwa tunalikung'uta spinaka, lile tanga kubwa jepesi la mbele, likauke umande kwanza ndipo tulitweke.

Na nakubali kabisa kuhusu msimu. Nilikwenda kwa sababu ya kazi. Ningekuwa na chombo changu ningengoja.

#6 Upwind_TZ

Mkuu, kuhusu kulitengeneza tanga. Vitabu vinasema upepo mdogo uachie kamba, tanga liwe na tumbo kubwa. Wengine wanasema lifanye bapa. Lipi sahihi?

#7 Mleta uzi

Yote mawili, kila moja kwa kiwango chake, na hapa ndipo watu wengi wanakosa.

Noti 5 hadi 8: tumbo. Legeza henza kidogo, legeza ukingo wa chini, tanga lipate nguvu ya kukivuta chombo juu ya wimbi. Chini ya noti 4 mambo yanageuka. Hewa ni dhaifu mno, haiwezi kulizunguka tumbo kubwa, inaachana na kitambaa katikati ya njia na tanga linakuwa kama mfuko uliotundikwa. Hapo libapishe kiasi, na ukingo wa nyuma wa juu uuachie ufunguke. Usikaze demani, ile kamba ya kuvutia tanga ndani. Mkono wa baharia mgeni siku zote unakaza, kwa sababu tanga likilegea linaonekana halifanyi kazi. Lipe nafasi.

Kisha uzito. Tulihamisha madumu ya maji na kukaa sisi wenyewe upande wa demani, ule usiopigwa na upepo, chombo kikalala nyuzi tano au sita. Tanga linaning'inia katika umbo lake kwa uzito wake lenyewe, halihitaji upepo wa kulifungua. Upepo unaokuja unakuta mlango uko wazi. Na mti wa chini wa tanga kuu tuliufunga kwa kamba kuelekea omo usiweze kurudi ndani kila chombo kikilala.

Njia nayo. Upepo wa noti 5 unakutoka tezini na Mahé iko mbele kabisa. Roho inasema nyoosha. Ukinyoosha, mwendo wako unakula upepo wako: unakwenda noti moja na nusu, tanga linapigapiga. Pinda nyuzi 40 pembeni. Upepo unaingia ubavuni, chombo kinakwenda noti 3, na ukitoa hesabu ya kuzunguka bado unasogea kuelekea Mahé noti 2.3 hivi. Na tanga limenyamaza. Mimi ningepinda hata kama hesabu zingelingana, kwa ajili ya ule ukimya peke yake.

Usiku vipima upepo vya kileleni havisemi kweli kwa upepo mdogo, kwa sababu mlingoti unayumba na kile kikombe kinapima yumbo lake. Mimi natumia udi. Kijiti kimoja cha udi kimechomekwa karibu na usukani. Moshi wake unaonyesha hewa ambayo shavu halijaihisi bado. Saa tisa usiku, siku ya nane, moshi uliokuwa unapanda wima ukaanza kuinama kuelekea kusini mashariki, ukarudi, ukainama tena ukakaa. Nikamwamsha kijana tukatweka lile tanga jepesi la mbele. Tulipata saa nne za noti mbili. Maili nane. Zilikuwa tamu ajabu.

#8 Mwana_wa_Sur

Ndugu zangu, salamu kutoka Muscat. Babu zangu wa Sur, hapa Oman, walikuwa wakija huko kwenu, nami nimeolea Unguja.

Kwa habari ya shwari, hapa kwetu lipo jahazi Sohar, limewekwa kwenye mzunguko wa barabara njia ya Al Bustan, kila mgeni analipiga picha. Lilijengwa Sur, mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi, hakuna msumari. Liliondoka Muscat Novemba 1980 likafika Guangzhou, China, Julai 1981. Kipande kilichowatesa ni kati ya Sri Lanka na Sumatra. Kusi lilichelewa, wakakaa wiki baada ya wiki katika shwari, maji yakipungua, hadi mvua ilipowashukia wakayakinga. Baba yangu alikuwa akitupitisha hapo na kutuambia, uzuri wa jahazi hili muuone, lakini mjue liliokolewa na mvua.

Nakuuliza, nyinyi maji mlifanyaje?

#9 Mleta uzi

Karibu sana, shemeji yetu.

Maji: lita 300 siku ya kutoka, watu watatu. Niliweka lita 4 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupikia, yaani 12 kwa siku. Hiyo ni siku 25 na safari ilikuwa ya siku 9. Mwenye chombo aliona ni kujitesa bure. Kuoga, kuosha vyombo, kufua, yote maji ya chumvi. Wali na ugali tulipikia theluthi moja maji ya bahari, theluthi mbili matamu, chumvi haikuhitajika tena.

Siku ya saba ndipo ugomvi ukatokea. Kijana alimkuta mwenye chombo anasuuza miwani na uso kwa maji ya tangi. Akapiga kelele. Yule naye akajibu kwamba maji ni yake na chombo ni chake. Joto lilikuwa kali, hakuna aliyelala vizuri kwa usiku mitatu kwa sababu ya ule mpigo wa tanga. Niliwatenganisha, nikachukua kijiti, nikapima tangi mbele yao, nikaandika namba kwa kalamu nene kwenye ukuta wa jikoni. Kuanzia hapo kila asubuhi mmoja wetu alipima na kuandika: maji, dizeli, maili zilizobaki. Mtu akiona namba kwa macho yake haulizi nani ameiba. Jambo hili sitaliacha tena katika safari yoyote, hata ya siku tatu.

Mvua ilikuja siku ya tisa. Wingu jeusi, chini yake kama pazia la kijivu, na kabla halijafika unapigwa na ubaridi. Katika maleleji ubaridi huo ni onyo: upepo wa noti 25 unaanguka juu yako ndani ya dakika moja, unakaa robo saa, unaondoka. Aliyeacha spinaka juu usiku atalipata limekuwa vipande. Sisi tulikuwa tumeshatua. Tulitandika turubai, tukaacha mvua ya dakika tano za mwanzo iioshe chumvi, ile tukaimwaga. Kisha tukakinga. Lita 60 kwa dakika 20. Kijana alikuwa anacheka huku maji yanamtiririka, na mwenye chombo akamletea sabuni yake mwenyewe. Ugomvi ukaisha pale.

#10 Tezi_na_Omo

Nipo kwenye meli ya makontena, nyumbani ni Tanga. Naomba niseme kwa upande wetu tunaowaona kutoka juu.

Yoti iliyoshwarika ni ngumu kuonekana na ni ngumu kuelewa. Tunaona alama kwenye skrini inakwenda noti 0.4 huku omo yake inazunguka. Kanuni za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinatutaka tukupishe ukiwa unatumia tanga, ndiyo. Lakini ukiwasha injini wewe ni chombo cha injini kama sisi, hata kama tanga liko juu. Na sisi kwa noti 16 tunatoka upeo wa macho hadi juu yako kwa nusu saa au pungufu. Msingoje. Washeni kitambulisho cha AIS, kile kinachotuma mahali mlipo kwenye skrini zetu, muda wote, na mkituona tuiteni redioni chaneli 16 mapema, mseme kwa maneno mepesi: sina upepo, siwezi kusogea, nipo upande wako wa kulia. Ofisa wa zamu atashukuru. Zile lita 60 ambazo mleta uzi amesema si za kuguswa, mimi naziunga mkono kwa mikono miwili.

#11 Mwalimu_wa_Tarehe

Nimefuatilia kimya. Kama kuna mfano wa shwari uliobadilisha historia ya pwani hii, ni wa Vasco da Gama, na nashangaa shuleni tunaupita haraka.

Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa hapo hapo. Kusi lilikuwa linaingia. Kabla mwezi haujaisha alikuwa mbele ya Calicut. Kurudi hakungoja kaskazi. Alitoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, tanga mbili hasa, kama alivyosema mzee wa Pate. Maji yale yale aliyoyavuka kwa wiki chache yakamchukua miezi mitatu kasoro siku tatu. Shwari na upepo wa mbele. Watu wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, na waliobaki wenye nguvu za kufanya kazi walikuwa saba au wanane tu kwa kila meli. Alifika Malindi tarehe 7 Januari 1499, wagonjwa wakiomba machungwa. Siku chache baadaye, upande wa Tanga, aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Meli ile haikuangamizwa na mwamba wala mzinga. Iliteketezwa kwa sababu ya miezi mitatu ya kukosa upepo, na nahodha wa Lamu au Malindi angemwambia asitoke mwezi ule.

#12 Kisiwani_Pate

Mwalimu umenena. Na angemwambia abebe ndimu.

#13 Mwanagenzi

Sasa zile siku saba mlikuwa mnasogea kweli au mmesimama tu?

#14 Mleta uzi

Mwalimu, ahsante. Tarehe hizo nimezinakili kwenye daftari langu ukurasa wa mbele.

Mwanagenzi, tulisogea. Siku saba maili 190, wastani maili 27 kwa siku. Siku mbaya kabisa ilikuwa 11. Katika hizo 190 si zote za tanga. Mkondo ulitusaidia, na hili ni la kulijua kabla ya kutoka. Katika miezi ya kubadilika upepo, Aprili na Mei, kisha Oktoba na Novemba, maji ya juu kwenye mstari wa ikweta katika bahari yetu yanakwenda mashariki kwa nguvu. Mtaalamu Klaus Wyrtki aliuandika mkondo huo mwaka 1973 na unaitwa kwa jina lake. Sisi tulikuwa kusini yake, lakini hata huko, kila saa 24 tulikuta tumesukumwa mashariki maili kadhaa bila kufanya lolote. Ndiyo maana nilikuwa nalinganisha kila alfajiri mwendo wa chombo ndani ya maji na mwendo wa GPS. Ukiona GPS imezidi, uko juu ya mkondo mzuri; usiuache kwa kufukuza kijiupepo cha upande mwingine.

Maili 27 kwa siku zinaonekana hazina maana. Ziliwaweka watu wangu na akili zao. Kila mchana niliweka alama kwenye ramani ya karatasi, nukta ya penseli, na kijana alikuwa anakuja kuitazama hata kama umbali kati yake na ya jana ni upana wa punje ya mchele. Zamu tulizishika vile vile, saa tatu tatu, kana kwamba tunakwenda noti saba. Chai saa nne, chai alasiri. Kila mtu na kazi yake asubuhi: mmoja anakagua kamba zote kutoka omo hadi tezi, mmoja anavua, mmoja anapika. Tulivua fulusi wawili, wa pili tulimkausha kwa chumvi.

Jambo moja la mkukuni, chini kabisa ya chombo. Siku ya kumi niliingia majini nimefungwa kamba kiunoni, mwenzangu akilinda juu, maana chombo kinacholala lala kinaweza kukushukia kichwani. Nilikuta wale viumbe wa magamba wenye shingo ndefu wameshaota karibu na usukani, urefu wa kucha. Chombo kinachokwenda taratibu kinawakaribisha, nao wanakifanya kiende taratibu zaidi. Nilivikwangua kwa mwiko wa plastiki wa jikoni. Kwa upepo wa noti 4 uchafu huo ni tofauti ya kwenda na kutokwenda.

#15 Upwind_TZ

Upepo ulirudi vipi?

#16 Mleta uzi

Pole pole sana. Siku ya 12 jioni maji yakaanza kuwa na mikunjo midogo upande wa kaskazini magharibi, kama ngozi ya mtu anayehisi baridi. Nusu saa hakuna kitu. Kisha moshi wa udi ukalala. Noti 4, noti 5, hautoshi kumpepea mtu, lakini ulikaa. Siku tatu za mwisho tulipata maili 50 kwa siku, mchana tanga, usiku injini saa mbili au tatu kwa ule mnong'ono wake. Siku ya 15 alfajiri kijana alikuwa zamuni. Hakupiga kelele. Alikuja akanigusa bega akasema, "Bro, kuna kitu hakisogei." Ilikuwa ni Mahé, milima yake, na kile kilele kirefu cha mita 905 kikiwa kimefunikwa wingu. Tuliingia bandarini na lita 88 za dizeli na lita 170 za maji. Namba zilikuwa bado ukutani jikoni.

#17 Mwanagenzi

Alhamdulillah. La mwisho mkuu, zile siku sita zilizozidi ulilipwa?

#18 Mleta uzi

Hapana. Tulikubaliana malipo kwa safari, nusu Kilifi na nusu Mahé, na karatasi niliyoandikiwa haikutaja siku. Nilipoomba nikaambiwa upepo si kosa la mtu. Ni kweli, lakini siku zilikuwa zangu, na za yule kijana, ambaye alikosa harusi ya dada yake.

Tangu hapo naandika hivi, na mwenye kutaka anakili: malipo ya safari ni kwa siku zilizokubaliwa, kila siku inayozidi ina bei yake, na chakula na maji ya siku 25 vinapakiwa kwa safari ya siku 10. Mwenye chombo akikataa sentensi ya mwisho, mimi siendi.